Hizo laki nne za uchakavu kachukua nani?

Baada ya Isha, barazani Langoni, mjini Amu (Lamu), ami mmoja mwenye boti ya abiria wa Mokowe alinikunjulia hesabu za kampuni yake, alizofungiwa na mhasibu wa Mombasa. Kidole kilikuwa kimemganda kwenye mstari mmoja: Uchakavu, 430,000.

"Mwanangu, hizi laki nne na thelathini kachukua nani? Mafuta nayajua, mishahara naijua, leseni naijua. Huyu uchakavu simjui, na nahodha nikimuuliza acheka tu."

"Ami, hizo ulizitoa mwenyewe, siku ile ulipokwenda kununua boti."

Hakuridhika, na mimi katika nafasi yake nisingeridhika. Tukaagiza kahawa nyingine. Yanayofuata ndiyo niliyomweleza usiku ule, nikayapanga kwa hatua. Tarakimu zote ni za mfano, lakini zinajumlika. Shika kalamu uzifuate.

Hatua ya 1: Tenganisha kitu kinachokwisha leo na kinachobaki

Petroli ya leo inaishia njiani baina ya Mokowe na Amu. Boti yenyewe kesho iko pale pale gatini. Ukiandika bei yote ya boti kuwa matumizi ya mwaka ulioinunua, mwaka ule utaonekana umefilisika, na miaka inayofuata utaonekana tajiri wa ajabu, kana kwamba abiria wanavuka kwa kuogelea na nauli wanakulipa wewe. Kwa hiyo bei inagawiwa miaka yote ambayo boti itafanya kazi. Kila mwaka unabeba fungu lake, na fungu hilo ndilo uchakavu.

Kwa mali isiyoshikika, kama leseni ya miaka mingi, programu ya kukatia tiketi au haki ya kutumia jina, kazi ni ile ile ila jina linabadilika: amotizesheni. Ukiona maneno hayo mawili yamefungwa pamoja katika mstari mmoja, usitishike.

Hatua ya 2: Tafuta namba tatu

Bei ya kununulia, miaka ya kazi, na mabaki, yaani kile unachotarajia kupata ukiiuza mwishoni. Bei ina risiti. Hizo mbili nyingine ni makadirio ya mtu aliyeketi mezani, na hapo ndipo msomaji wa hesabu anapopaswa kufungua macho.

Boti yetu ya mfano ilinunuliwa kwa shilingi 3,600,000. Usiichukue kama kitu kimoja. Bodi ya faiba ni 2,400,000, na injini mbili ni 1,200,000. Mtu yeyote wa Amu anajua kwamba bodi na injini hazizeeki pamoja. Maji ya chumvi yanaimaliza injini wakati bodi bado inang'aa. Kanuni ya kimataifa ya mali za kudumu, IAS 16, inasema hivyo hivyo: sehemu kubwa yenye umri wake ihesabiwe peke yake.

Bodi: miaka 12, mabaki 240,000. Toa mabaki kwenye bei, gawa kwa 12, unapata 180,000 kwa mwaka.
Injini: miaka 4, mabaki 200,000. Inabaki 1,000,000, gawa kwa 4, unapata 250,000.

Jumla 430,000. Ndiye yule "mtu" ami aliyekuwa akimtafuta.

Ardhi haimo katika hesabu hii. Ukinunua nyumba ya mawe Mkomani, tenganisha bei ya kiwanja na ya jengo. Jengo linachakaa, hata liwe na kuta za matumbawe zenye unene wa dhiraa. Kiwanja hakichakai.

Hatua ya 3: Jua njia iliyotumika

Njia niliyotumia hapo juu inaitwa ya mstari mnyoofu: fungu sawa kila mwaka. Kampuni nyingi utakazosoma zinaitumia.

Ya pili ni ya salio linalopungua. Kompyuta ya ofisi ya 80,000 kwa asilimia 25 ya thamani iliyobaki: mwaka wa kwanza 20,000, wa pili 15,000, wa tatu 11,250. Inafaa vitu vinavyopoteza thamani haraka vikiwa vipya.

Ya tatu ni ya matumizi, na kwa watu wa baharini mimi ndiyo naipenda. Injini moja ya 600,000, mabaki 100,000, ikikadiriwa kufanya saa 5,000, kila saa inakula shilingi 100. Kusi likichafua bahari na boti ikalala, injini haichakai vitabuni. Kwa mstari mnyoofu haiko hivyo: boti hata ikae ufukweni miezi mitatu, uchakavu unaendelea kuhesabiwa. Wenye boti wengi wanaona huu ni uonevu, lakini jua na chumvi havingoji msimu.

Hatua ya 4: Ufuate mstari huo katika taarifa tatu

Anza na taarifa ya faida na hasara. Nauli za mwaka 3,600,000 (zimelingana na bei ya boti kwa bahati tu). Matumizi ya pesa taslimu, yaani mafuta, mishahara, leseni ya mwaka na matengenezo, 2,450,000. Inabaki 1,150,000. Toa uchakavu 430,000. Toa amotizesheni ya programu ya tiketi, iliyonunuliwa 300,000 kwa miaka mitatu, yaani 100,000. Faida ya uendeshaji ni 620,000. Riba ya benki 120,000, inabaki 500,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, tuseme 150,000. Faida halisi 350,000.

Ile 1,150,000 ya kabla ya uchakavu, amotizesheni, riba na kodi ndiyo wakubwa wa makampuni hupenda kuitangaza, kwa kifupi cha EBITDA. Ina kazi yake, lakini anayekuuzia biashara ya boti kwa namba hiyo peke yake anakuomba ujifanye injini hazifi.

Nenda kwenye mtiririko wa fedha, taarifa ya pesa zilizoingia na kutoka. Hapa faida ya kabla ya kodi, 500,000, inarudishiwa 430,000 na 100,000, kwa kuwa mwaka huu hakuna aliyelipwa pesa hizo. Zinakuwa 1,030,000. Toa kodi, zinabaki 880,000. Hapo ami akaruka: "Basi ziko wapi?" Tukashuka mistari kadhaa: marejesho ya mkopo wa benki, 700,000. Deni lenyewe halipiti katika faida na hasara, riba tu ndiyo hupita. Pesa zake zilikwenda benki kulipa deni, na nahodha hakuwa na hatia.

Mwisho mizania, taarifa ya mali na madeni. Baada ya miaka mitatu, boti inaonyeshwa kwa bei yake 3,600,000, uchakavu limbikizi, yaani jumla ya miaka yote mitatu, 1,290,000, thamani ya kitabuni 2,310,000. Hiyo si bei ya sokoni. Ukimpelekea mnunuzi wa Matondoni namba hiyo, atakuuliza injini ina saa ngapi, basi. Na uchakavu limbikizi si akiba. Hakuna akaunti mahali yenye 1,290,000 zinazosubiri boti mpya. Nimewaona watu wazima, tena wafanyabiashara, wakishangaa kusikia hivyo.

Hatua ya 5: Leseni na jina

Amotizesheni inaonekana vizuri kwa makampuni makubwa. Mwaka 2021 muungano ulioongozwa na Safaricom ulilipa dola milioni 850 kwa leseni ya simu Ethiopia, ya miaka 15. Ukiigawa sawasawa, ni kama dola milioni 57 kwa mwaka, hata kama mnara haujasimamishwa mahali. Kwa leseni, miaka imeandikwa kwenye karatasi yenyewe, hivyo makadirio ni machache.

Thamani ya jina (goodwill), ile ziada unayolipa juu ya mali ukinunua biashara ya mwingine, ni kesi ya peke yake. Kwa kanuni kamili za kimataifa haichakazwi. Inapimwa kila mwaka kama imeshuka. Kwa kanuni za kampuni ndogo na za kati inachakazwa, na ikiwa huwezi kukadiria umri wake, isizidi miaka 10.

Hatua ya 6: Angalia matengenezo yamekaa wapi

Hapa nilijikwaa mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimfungia hesabu mteja aliyenunua injini mpya, nikaiandika kwenye matengenezo pamoja na rangi na plagi. Kampuni nzuri ikaonekana ina hasara, na benki aliyokuwa akiomba mkopo ikamrudishia karatasi zake. Ilinibidi nimfuate mpaka Shela kumwomba radhi na kurekebisha.

Kipimo ninachotumia: kazi inayokirudisha chombo kilivyokuwa ni matumizi. Kutia kalfati jahazi na kupaka shahamu ni matumizi, hata ikiwa gharama inauma. Injini mpya ni mali, inaingia mizania na kuanza kuchakazwa.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, maana hufanywa kwa makusudi. Mwaka 2002 WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilitangaza kwamba imeandika matumizi ya kawaida ya dola bilioni 3.8 kama mali. Faida ikanenepa, kwa sababu gharama zilisukumwa kwenda kugawiwa miaka ya mbele. Ukiona mali za kudumu zinapanda na hujui kimenunuliwa nini, uliza.

Hatua ya 7: Soma maelezo ya hesabu kabla ya kushangilia faida

Kurasa za nyuma, zile za maandishi madogo, ndimo miaka ilimoandikwa. Tuseme kampuni yetu mwaka wa nne inasema bodi itaishi miaka 18, si 12. Baada ya miaka mitatu bodi ina thamani ya kitabuni 1,860,000. Toa mabaki, inabaki 1,620,000, gawa kwa miaka 15 iliyosalia: 108,000 badala ya 180,000. Faida imepanda 72,000 na hajaongezeka abiria hata mmoja. Si haramu. Kanuni zinaruhusu kubadilisha makadirio, na mabadiliko yanakwenda mbele, hayarudi nyuma kusahihisha miaka iliyopita. Lakini uliza bodi imefanywa nini hata ikaongezewa umri.

Linganisha pia uchakavu wa mwaka na pesa zilizotumika kununua mali mpya, mstari ulioko katika mtiririko wa fedha. Kampuni inayochakaza 430,000 kila mwaka na kununua 50,000 inakula vyombo vyake. Itaonyesha faida nono hasa pale injini zikiisha kuchakazwa na bado zinanguruma, kwa sababu ule mzigo wa 250,000 umeondoka. Mimi faida ya namna hiyo siiamini.

Jambo moja la kodi, kwa haraka. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hawautambui uchakavu wako. Wanaurudisha wote kwenye faida, kisha wanakupa viwango vyao vya Jedwali la Pili la Sheria ya Kodi ya Mapato: kompyuta asilimia 25, samani asilimia 10, na kadhalika. Ndiyo maana kodi iliyoko katika hesabu za kweli hailingani na asilimia 30 ya faida kama nilivyoifanya katika mfano.

Ami alikuwa na swali moja la mwisho. "Na mashini ikifa kabla ya hiyo miaka minne yenu?"

Tukapiga hesabu ya injini moja iliyokufa mwisho wa mwaka wa tatu. Bei 600,000, imechakazwa 375,000, imebaki 225,000. Ukiiuza chuma chakavu kwa 60,000, hizo 165,000 zilizobaki zinaingia faida na hasara kwa mkupuo, mwaka ule ule. Akanyamaza kidogo, akatoa simu mfukoni, akampigia nahodha kumuuliza oili ilibadilishwa lini.