Pikapu mpya haivumilii dizeli chafu
Uliyezoea pikapu ya zamani yenye pampu ya kimakanika, sahau dizeli ya madumu. Injini mpya za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalogawia nozeli zote mafuta) husukuma mafuta kwa presha inayoweza kufika baa 2,000 na zaidi. Maji kidogo tu hukwaruza pampu na nozeli, na bei yake utaisikia kwa fundi. Taa ya dashibodi inayoonya kuwa kuna maji kwenye filta ya dizeli ikiwaka, zima injini, weka chombo chini ya filta, legeza skrubu ya chini, kisha bonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi. Kaza kwa vidole, si spana. Bonyeza pampu tena hadi iwe ngumu, ndipo uwashe. Na usijaze tangi wakati lori linashusha mafuta kituoni: mashapo yametibuka.