Kuputi: kwanza nyoosha uso wa fimbo

Mimi ni kedi, mbeba fimbo za wachezaji wa gofu, huku Pwani. Mtu akiinamia mpira kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, ili auputi, yaani ausukume taratibu uingie, mikono yake wala siitazami. Natazama uso wa fimbo, ule upande bapa unaogusa mpira, kwa kuwa huo ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa mpira utaelekea wapi. Hebu piga hesabu: shimo lina upana wa milimita 108. Ukiwa mita 3, uso ukipinda digrii 1 tu, mpira unafika sentimita 5 pembeni, unalamba ukingo. Digrii 2, umekosa kabisa.

Zoezi lake halihitaji hata nyasi. Nyumbani, tafuta pale vigae vinne vya sakafu vinapokutana. Mstari mmoja uwe njia ya mpira. Ule unaoukata, ulaze uso wa fimbo sambamba nao. Sentimita 40 mbele, simamisha betri mbili kubwa za redio, mwanya kati yao sentimita 5. Mpira wenyewe ni karibu milimita 43, kwa hiyo nafasi ni finyu. Kama wewe ni wa mkono wa kulia, betri ya kulia ikianguka, uso umefunguka, yaani umegeukia kulia; ya kushoto, umeufunga, umegeukia kushoto. Ukipitisha mara kumi mfululizo, haya, nenda uwanjani.

Fimbo ishike kwa ulegevu, viganja vitulie, mabega ndiyo yasukume. Kichwa usikiinue mpaka usikie mpira umetumbukia. Hili wateja wangu hulikubali kwa maneno tu.

Kwa mipira ya mbali, acha kuwaza shimo, waza mwendo. Mtu huacha mpira mita 2 kabla ya shimo kwa sababu ya nguvu, si kwa sababu ya mwelekeo. Ukitaka mpira uende mbali, rudisha fimbo nyuma zaidi, lakini mdundo wa kupiga uwe uleule. Ukianza kuukung'uta, viganja vimeshaingilia.

Alama za viatu kwenye njia yako zisawazishe. Sheria inaruhusu tangu 2019, ila bado naona watu wanaziruka kwa woga.

Kisha tazama nyasi. Hizi zetu za bermuda hulala upande mmoja. Ukiziona zinang'aa, zimelala kuelekea shimoni na mpira utakimbia, punguza. Zikiwa za giza, zinakukabili, ongeza. Jioni huwa zimekua kidogo, basi ongeza tena.