Kuweka Michezo Yote ya Kompyuta Katika Maktaba Moja kwa Kutumia Playnite

Mtu aliyenunua michezo ya kompyuta kwa miaka kadhaa hukuta mali yake imetawanyika katika maduka matano au sita, na mengi kati ya maduka hayo humtaka awe na programu ya duka kwenye kompyuta ndipo mchezo ukubali kufunguka. Steam, duka la mtandaoni lililozinduliwa na kampuni ya Valve mwezi Septemba 2003, ilikuwa kwa miaka mingi ndiyo maktaba pekee ya wachezaji wengi. Baadaye kampuni kubwa zikaona kwamba kuuza kupitia duka la mwingine ni kumwachia sehemu nono ya mapato, kwa kuwa kiwango kilichozoeleka cha Steam kilikuwa asilimia 30. EA ikafungua Origin mwaka 2011, Ubisoft ikajenga programu yake ambayo leo huitwa Ubisoft Connect, na Desemba 2018 Epic Games ikaingia sokoni kwa kuwatoza wachapishaji asilimia 12 tu, huku ikiwavuta wateja kwa kuwagawia michezo ya bure. Kwa hiyo si ajabu leo mtu akanunua mchezo wakati wa punguzo la bei ilhali aliwahi kuupata bure kwenye duka jingine na akausahau.

Dawa ya mtawanyiko huo ni programu ya maktaba ya pamoja, nayo inafaa ieleweke vizuri kabla ya kusakinishwa. Programu hiyo ni daftari la kumbukumbu na mlango wa kuingilia. Si duka, wala haichukui nafasi ya programu za maduka. Ukibofya mchezo wa Steam ndani ya maktaba ya pamoja, Steam yenyewe huamka nyuma ya pazia na kuufungua. Anayetarajia kuziondoa kabisa Steam, Epic na nyinginezo atavunjika moyo. Anayetaka kuona kila alicho nacho mahali pamoja, kukipanga na kukifungua bila kuzunguka huku na huko, atapata anachokitafuta.

Kuchagua programu

Kwa mwenye Windows, chaguo halisi ni mawili. La kwanza ni GOG Galaxy 2.0 ya duka la GOG, ambalo chimbuko lake ni kampuni ya CD Projekt ya Poland. Ni nzuri kwa macho na haihitaji maelezo mengi, lakini viunganishi vyake vingi vya maduka mengine hutunzwa na watu wa kujitolea, na kiunganishi kinapokosa mtunzaji huanza kukatika mara kwa mara bila njia rahisi ya kukirekebisha. La pili ni Playnite, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuusoma, na isiyomilikiwa na duka lolote. Taarifa zake hukaa kwenye diski ya kompyuta yako na haikulazimu kufungua akaunti nyingine mpya. Ninaipendekeza Playnite bila kusita, kwa sababu daftari la mali yako linafaa likae mikononi mwako na lisitegemee uhai wa kampuni inayokuuzia. Wenye Linux, wakiwemo wanaotumia Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya michezo ya Valve, watazame Heroic, inayohudumia Epic, GOG na Amazon, au Lutris. Playnite haikutengenezwa kwa ajili yao.

Kabla ya kusakinisha

Anza kwa kuandika majina ya maduka yote ambayo umewahi kufungua akaunti, hata yale uliyoingia mara moja tu kuchukua mchezo wa bure. Tafuta kwenye sanduku lako la barua pepe risiti na ujumbe wa kukaribishwa, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hupungukiwa. Wengi hugundua katika hatua hii kwamba wana akaunti mbili za duka moja, kila moja ikiwa na barua pepe yake, na kwamba michezo yao imegawanyika bila wao kujua.

Hakikisha kila akaunti ina nenosiri la peke yake na kwamba uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa. Unakaribia kuziunganisha akaunti hizo zote kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ikiingiliwa hasara itakuwa ya kila kitu kwa mpigo.

Pakua Playnite kutoka tovuti yake rasmi, playnite.link, na usifuate matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji, kwa maana watu wenye nia mbaya hupenda kuigiza programu maarufu za bure. Wakati wa kusakinisha utapewa nafasi ya kuiweka kwa namna ya kubebeka, yaani programu na taarifa zake zote zikae katika folda moja unayoweza kuihamisha. Ikiwa unapenda kuweka mambo yako kwenye diski ya nje, chagua namna hiyo.

Kuunganisha maduka

Playnite ikifunguka mara ya kwanza itakuuliza ni maduka gani unataka kuyaunganisha. Chagua yale tu yaliyo kwenye orodha uliyoiandika. Mengine unaweza kuyaongeza baadaye kwa kubonyeza F9, ambako viendelezi vyote hupatikana, yaani programu ndogo zinazoiongezea Playnite uwezo kama wa kusoma duka fulani. Kwa kila duka utakutana na maswali mawili: kama uingize michezo iliyosakinishwa, na kama uingize pia ile unayoimiliki lakini haipo kwenye diski. Swali la pili ndilo lenye uzito. Usipolikubali, maktaba yako itaonyesha michezo michache iliyomo kwenye kompyuta na kuacha nje mingi uliyoilipia, na hapo lengo zima la kazi hii litakuwa limepotea.

Kuingia kwenye akaunti hufanyika katika dirisha dogo linaloonyesha ukurasa wa duka lenyewe. Unaandika nenosiri mbele ya duka, na Playnite hubaki na kibali cha kuendelea kuisoma orodha yako. Kibali hicho huisha muda baada ya kipindi fulani, na ndiyo sababu siku moja utaona ujumbe kwamba duka fulani limeshindwa kusomwa. Haina maana kwamba michezo imepotea. Rudi kwenye mipangilio ya duka hilo, ingia tena, kisha bonyeza F5 ili maktaba yote isomwe upya.

Baadhi ya maduka yana tabia zake. Orodha ya Steam ikirudi tupu au pungufu, kagua kwanza mipangilio ya faragha ya wasifu wako, kwa sababu Steam inaweza kuwa imeificha orodha ya michezo kwa kila mtu asiye wewe. Ama uifungue sehemu hiyo, ama utumie ufunguo wa API, yaani msimbo wa siri unaoiruhusu programu nyingine kusoma taarifa zako, ambao Steam humpa mwenye akaunti. Ufunguo huo uutunze kama unavyolitunza nenosiri. Kwa Ubisoft Connect, sharti programu ya Ubisoft iwe imesakinishwa na umeshaingia ndani yake, kwa kuwa Playnite husoma kumbukumbu ambazo programu hiyo imeziweka kwenye diski. Ile Origin ya EA ilikwisha kustaafishwa na nafasi yake kuchukuliwa na EA app, kwa hiyo mwenye kompyuta ambayo bado ina Origin aisakinishe EA app kwanza ndipo aendelee.

Michezo usiyoipata katika duka lolote, kama ile uliyoinunua kwenye diski za zamani au uliyopakua moja kwa moja kutoka kwa mtengenezaji, unaweza kuiingiza kwa mkono kwa kuonyesha faili inayoufungua mchezo. Hii ni faida kubwa ya Playnite, nami naona haitajwi vya kutosha: maktaba inakuwa ya kwako yote, pamoja na sehemu ambayo hakuna duka linaloitambua.

Nakala zinazojirudia

Ukimaliza kuingiza utaona baadhi ya michezo inatokea mara mbili au tatu. Mfano unaojulikana sana ni Grand Theft Auto V, ambayo Epic iliigawa bure mwezi Mei 2020, wakati mamilioni ya watu walikuwa wameshainunua kwenye Steam. Usikimbilie kufuta. Tulia uamue ni nakala gani itakayokuwa ya kuchezea, ukizingatia kwamba nakala mbili za mchezo mmoja katika maduka mawili ni mali mbili tofauti. Nyongeza ulizonunua Steam hazitafunguka kwenye nakala ya Epic. Tuzo za mafanikio hazihami. Hatua uliyofikia katika mchezo inaweza kuwa imehifadhiwa kwenye seva za duka moja tu, nayo isionekane kwa jingine.

Kwa kawaida nakala inayostahili kupewa kipaumbele ni ile yenye nyongeza na hatua ulizofikia. Ikiwa hujauanza mchezo kabisa, na mojawapo ya nakala imetoka GOG, ninashauri uchague hiyo, kwa sababu GOG huuza michezo isiyo na kufuli ya kidijitali na hukuruhusu kupakua faili ya usakinishaji na kuitunza mwenyewe. Kumbuka pia kwamba baadhi ya michezo hukulazimisha kupita milango miwili: mchezo wa Ubisoft ulionunuliwa Steam utaiamsha Steam kwanza, kisha Ubisoft Connect, ndipo uanze. Nakala ya ziada ifiche badala ya kuifuta. Mchezo uliofichwa hutoka machoni lakini hubaki katika daftari, ilhali uliofutwa unaweza kurudi maktaba inaposomwa tena.

Kupanga na kuchuja

Maktaba yenye mamia ya majina haina msaada mpaka iweze kujibu maswali. Playnite ina sehemu ya kuonyesha hali ya kila mchezo: haujachezwa, unachezwa, umemalizwa, umeachwa, au umepangwa kuchezwa baadaye. Jaza sehemu hii hatua kwa hatua, ukianza na michezo unayoikumbuka vizuri. Ongeza lebo chache zenye maana kwako, kwa mfano michezo inayochezeka bila intaneti, inayofaa watu wawili mbele ya skrini moja, au inayokubali kompyuta yenye kadi dhaifu ya picha. Lebo tano zinazotumika zina thamani kuliko hamsini zilizosahauliwa. Kisha tengeneza vichujio na uvihifadhi, ili kwa kubofya mara moja uone, tuseme, michezo yote ambayo imesakinishwa, haijamalizwa na haihitaji intaneti.

Kupanga orodha kwa ukubwa wa nafasi ambayo michezo inachukua ni msaada mwingine wa kweli. Diski ikijaa, utaona mara moja ni mchezo gani uliosahaulika unaokalia makumi ya gigabaiti, hata kama uko katika duka ambalo hujalifungua kwa muda mrefu.

Mandhari na mapambo ni hiari ya mtu. Wanaounganisha kompyuta na televisheni wabonyeze F11, na maktaba itajaa skrini nzima na kuendeshwa kwa pedi. Viendelezi vya ziada vichukuliwe kwenye orodha ya Playnite yenyewe, na viwe vichache, kwa sababu kila kimoja ni programu ya mtu mwingine unayoipa ruhusa ya kuona maktaba yako.

Kutunza bando na nguvu za kompyuta

Kwa anayelipia intaneti kwa kifurushi, hatua ya kupakua picha na maelezo inahitaji uangalifu. Maktaba kubwa huvuta picha ya jalada na picha ya mandharinyuma kwa kila mchezo, na jumla yake si ndogo. Bonyeza F4 ufungue mipangilio, nenda kwenye sehemu ya maelezo ya michezo, na ondoa picha za mandharinyuma kabla ya kuingiza maktaba yako; majalada peke yake yanatosha kabisa.

Kishughulikie pia kile ambacho programu za maduka zinafanya zenyewe. Kila moja hupenda kuamka pamoja na Windows na kuanza kupakua masasisho bila kukuuliza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya programu zinazoanza na kompyuta, na uzizime zote za maduka. Playnite itaiamsha ile inayohitajika wakati unapoihitaji. Katika mipangilio yake unaweza pia kuiagiza izifunge programu za maduka baada ya wewe kutoka kwenye mchezo. Ndani ya Steam, weka saa za usiku kuwa ndizo za kupakua masasisho ikiwa kifurushi chako cha usiku ni nafuu. Na kama nyumbani kuna kompyuta mbili zenye Steam, fahamu kwamba tangu mwaka 2023 Steam inaweza kuhamisha mchezo kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ndani, bila kuupakua mchezo huo upya kutoka intaneti.

Nakala ya akiba

Kazi ya kupanga hali, lebo na vichujio huchukua muda, na hakuna duka litakalokurudishia ikipotea. Katika mipangilio ya Playnite washa utengenezaji wa nakala ya akiba wa moja kwa moja, na uelekeze nakala hiyo kwenye diski tofauti na ile yenye Windows. Ukihamia kompyuta mpya, sakinisha kwanza programu za maduka, kisha Playnite, halafu rudisha nakala ya akiba. Utatakiwa kuingia upya katika kila akaunti. Ikiwa michezo yenyewe iko kwenye diski uliyoihamisha, iambie Steam folda hiyo iko wapi nayo itaitambua. Kwa Epic utaratibu ni mrefu kidogo: badilisha jina la folda ya mchezo, anza kuupakua upya mahali pale pale, usitishe baada ya muda mfupi, rudisha faili za zamani ndani ya folda mpya, kisha endelea, na Epic itakagua faili zilizopo badala ya kuzipakua zote. Baada ya hapo bonyeza F5 ndani ya Playnite, ili alama za michezo iliyosakinishwa zilingane na kilichomo kwenye diski.