Jinsi ya kuivunja 12,121,963 hadi vigawo vyake tasa

Chukua tarehe ambayo bendera ya Kenya ilipandishwa Uhuru Gardens, Nairobi, yaani 12/12/1963, kisha ondoa mikwaju. Unabaki na 12,121,963. Karatasi, kalamu na kikokotoo cha tarakimu 8 vinatosha kuivunja.

Inaishia na 3, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 25, basi 3 pia haimo.

Kwa 7, 11 na 13 usigawe mara tatu. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, kata namba mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 963 − 121 + 12 = 854. Hiyo 854 ni 7 × 122. Ukiigawa kwa 11 inabaki 7, kwa 13 inabaki 9. Kwa hiyo 7 peke yake ndiyo kigawo.

Hapa ndipo wengi huharibu: wakishagawa kwa 7 mara moja, wanarukia 17. Kigawo kikipatikana, kirudie mpaka kikatae.

12,121,963 ÷ 7 = 1,731,709
1,731,709 ÷ 7 = 247,387
247,387 ÷ 7 = 35,341

Ukigawa tena inabaki 5, basi acha. Kazi imepungua sana: mwanzoni ungejaribu namba tasa hadi 3,481, karibu na kipeuo cha pili cha namba nzima, lakini sasa mwisho ni 187.

Endelea na 17, 19, 23 na kuendelea. Jihadhari na 31: kikokotoo kinaonyesha 1,140.03, na mwenye haraka huisoma 1,140. Zidisha kurudi nyuma, 31 × 1,140 = 35,340, utaona imepungua 1. Nayo 41 inakaribia vivyo hivyo, maana 41 × 862 ni 35,342. Inayokubali ni 59:

35,341 = 59 × 599

Je, 599 ni tasa? Huna haja ya kuanza upya. Namba tasa zote chini ya 59 zimeshakataa kuigawa 35,341, na 599 ni ndogo kuliko 59 × 59. Ni tasa.

12,121,963 = 7³ × 59 × 599

Kupata idadi ya vigawo vyote, ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha zidisha: 4 × 2 × 2 = 16. Jumla ya vigawo hivyo ndiyo inayopendeza zaidi:

(1 + 7 + 49 + 343) × (1 + 59) × (1 + 599) = 400 × 60 × 600 = 14,400,000

Ni nadra namba iliyookotwa kwenye kalenda kutoa jumla safi namna hii. Ukipata 18,432,000, umeandika (1 + 7) mara tatu, yaani 512 badala ya 400. Hapo 7 na 49 zimehesabiwa mara tatu kila moja.