Jinsi ya Kutembea kwa Miguu Katika Vijiji na Misitu ya Kale ya Flandria

Flandria, sehemu ya kaskazini ya Ubelgiji ambako watu huzungumza Kiholanzi, ni nchi iliyojaa nyumba, barabara na viwanda, na misitu imebaki takriban katika sehemu moja tu ya kumi ya ardhi yake. Hata hivyo ni mahali pazuri sana kwa mtu anayependa kutembea bila kupanda milima na bila gari, kwa sababu vijiji viko karibu karibu, stesheni za treni ni nyingi, na njia za miguu zimewekewa alama ambazo hata mgeni asiyejua neno la Kiholanzi anaweza kuzifuata. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyeko Leuven au Ghent, kwa mgeni aliyekuja kuwatembelea ndugu zake Brussels au Antwerp, na kwa yeyote mwenye siku moja ya mapumziko na miguu yenye afya ya kawaida.

Jambo la kwanza la kujifunza ni mfumo wa namba. Mhandisi wa migodi wa mkoa wa Limburg, Hugo Bollen, ndiye aliyebuni wazo la kuipa namba kila njia panda ili mwendesha baiskeli apange safari yake kwa kuunganisha namba, na mtandao wa kwanza wa baiskeli ulifunguliwa Limburg mwaka 1995. Baadaye wazo hilo hilo lilihamishiwa kwenye njia za miguu, na leo njia panda ya watembeao kwa miguu huitwa wandelknooppunt. Unachagua namba kwenye ramani ya karatasi inayouzwa katika ofisi za utalii, au kwenye tovuti ya kupangia njia, kisha unaziandika kwa mfuatano wake kwenye kikaratasi. Ukifika kwenye nguzo yenye namba uliyoitafuta, utaona juu yake mishale inayoelekeza kwenye namba za jirani, nawe unafuata mshale wa namba inayofuata. Ramani hujumlisha umbali kati ya namba na namba, kwa hiyo unaweza kurefusha au kufupisha matembezi ukiwa tayari njiani. Uangalifu mmoja ni wa lazima: mtandao wa baiskeli nao una namba, na katika vijiji vingi vibao vya mitandao yote miwili husimama karibu. Kibao chenye alama ya baiskeli si chako, na ukikifuata utajikuta kwenye njia ya lami pamoja na waendesha baiskeli waendao kasi.

Njia zenyewe nyingi ni za zamani sana kuliko vibao. Sheria ya mwaka 1841 iliitaka kila manispaa ya Ubelgiji kuandaa atlasi ya barabara na vijia vyake, na vijia vingi vinavyopita kati ya mashamba na nyuma ya bustani za watu vimelindwa kwa sababu viliandikwa humo. Ndiyo maana usishangae njia ikikupitisha karibu na ua wa nyumba ya mtu. Maadamu namba zinakuelekeza huko, una ruhusa. Ukikuta maneno Privé au Verboden toegang, hapo ni pa mtu binafsi na hupaswi kuingia. Ukikutana na mtembeaji mwingine kwenye kijia chembamba, msalimie kwa kusema goeiedag, kwani mashambani watu husalimiana hata kama mjini hawafanyi hivyo.

Kabla ya kuchagua njia, inafaa kuelewa msitu wa kale ni upi, maana wengi hutafuta miti mikubwa na kuukosa msitu wenyewe. Katika Flandria, msitu huhesabiwa kuwa wa kale ikiwa tayari ulikuwepo kwenye ramani ya Ferraris, iliyochorwa kati ya miaka ya 1771 na 1778 nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Austria, na haujawahi kufyekwa ukageuzwa shamba tangu wakati huo. Umri wa miti hauamui, kwa maana miti ilikatwa na kupandwa upya mara nyingi. Kinachoamua ni udongo. Udongo ambao haukulimwa kwa karne kadhaa hubeba mimea isiyojua kuhama haraka, kama vile anemoni nyeupe ya msituni, ambayo husogea polepole mno mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo tazama chini kwanza, kisha juu. Ukiona zulia la anemoni mwishoni mwa Machi, kabla miti haijatoa majani, uko kwenye msitu wa kale hata kama miti iliyokuzunguka ni myembamba.

Njia ambayo ningemshauri mgeni aanze nayo ni ya kusini mwa Leuven, kati ya stesheni za Oud-Heverlee na Sint-Joris-Weert. Zote mbili ziko kwenye reli ya Leuven hadi Ottignies, na kutoka Leuven safari ya treni huchukua chini ya robo saa. Ukishuka Oud-Heverlee, pitia kijijini kuelekea mashariki hadi kwenye mabwawa ya Zoete Waters, ambako familia za Leuven huja kupumzika Jumapili, na ambako kanisa dogo la Mama Yetu wa Steenbergen limesimama ukingoni mwa msitu. Kutoka hapo namba zitakuingiza Meerdaalwoud, msitu ambao pamoja na jirani yake Heverleebos una ukubwa wa takriban hekta 2,000. Misitu hii ilikuwa mali ya makabaila wa ukoo wa Arenberg hadi ilipotwaliwa na serikali ya Ubelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kwa kuwa ilikuwa ya mwenye mali mmoja haikugawanywa vipande vipande kama mingine.

Ndani ya Meerdaalwoud nakushauri utembee polepole. Utaona vilima vidogo vya mviringo ambavyo ni makaburi ya enzi ya Waroma, na makorongo makavu yaliyofunikwa na majani. Watafiti wa udongo wameonyesha kwamba makorongo hayo yalichimbwa na maji ya mvua wakati ambapo sehemu hiyo ilikuwa mashamba, zamani za kale. Baadaye watu waliondoka, msitu ukarudi, na miti ikayahifadhi makorongo kama yalivyokuwa. Mimi naona hapa ndipo mtu anapoelewa kwamba msitu wa kale si pori lisiloguswa na binadamu. Mialoni na miti iitwayo beuk, yenye gome laini la kijivu, ndiyo mingi, na barabara pana zilizonyooka katikati yake zilikatwa kwa ajili ya wawindaji na wapasua mbao.

Ukitoka msituni utashuka hadi kijiji cha Sint-Joris-Weert kwenye bonde la mto Dijle. Ikiwa bado una nguvu, usipande treni mara moja; ng’ambo ya reli kuna hifadhi ya Doode Bemde, bonde la majani marefu, mierebi na madimbwi, ambalo hupitiwa kwa njia nyembamba ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope. Kuna kibanda cha kutazamia ndege, na mashina yaliyotafunwa hadi kuchongoka ni kazi ya biva, mnyama anayejenga mabwawa kwa matawi, ambaye alirudi katika bonde hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati wa baridi mto hufurika na maji yanaweza kuifunika njia, kwa hiyo baada ya mvua za siku nyingi baki upande wa msituni. Bila mzunguko wa bondeni, matembezi haya ni kama kilomita 8 hadi 10, na mtoto wa miaka minane anaweza kuyamaliza ikiwa mtapumzika kula njiani.

Njia ya pili ni Hallerbos, msitu wa hekta 552 karibu na mji wa Halle, kusini mwa Brussels. Unajulikana ulimwenguni kwa maua ya hayasinti ya porini, ambayo kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, kutegemea hali ya hewa, huifunika ardhi kwa rangi ya samawati inayokaribia zambarau. Maua hayo huwahi kuchanua ili yapate mwanga kabla majani ya miti ya beuk hayajafunga anga, ndiyo maana muda wake ni mfupi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Ujerumani yalikata sehemu kubwa ya miti ya msitu huu, na ilipandwa upya kati ya miaka ya 1930 na 1950. Maua yalibaki ardhini wakati wote huo. Kufika huko, panda treni hadi Halle, kisha basi. Msimu wa maua huwekwa mabasi ya ziada. Nenda siku ya kazi, asubuhi mapema, kwa sababu wikendi umati huwa mkubwa mno. Nakusihi usiache njia hata hatua moja kwa ajili ya picha. Majani yakikanyagwa, tunguu lililo ardhini hukosa chakula, na sehemu hiyo huweza kukaa miaka mingi bila maua.

Kwa msomaji wa Afrika, njia ya tatu ina uzito wa pekee. Inaanzia stesheni ya Groenendaal, kando ya mabwawa ya nyumba ya watawa alikoishi mtawa na mwandishi wa dini Jan van Ruusbroec katika karne ya 14, na inavuka msitu wa Zoniënwoud hadi Tervuren, takriban kilomita 12. Sehemu za msitu huu ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017. Katikati ya njia uko kijiji cha Jezus-Eik, ambako mikahawa huuza mkate wenye jibini laini na figili, chakula cha wapitanjia tangu zamani. Ukifika Tervuren, kabla ya kupanda tramu namba 44 kurudi Brussels, nenda kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjilisti. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliwaleta Wakongo 267 kwenye maonyesho ya kikoloni. Wengine wao waliwekwa katika vijiji vya kuigiza kwenye bustani ya Tervuren ili watazamwe, na saba walifariki. Makaburi yao yako kando ya kanisa hilo. Simama, uyasome majina yao.

Kwa anayetaka vilima kidogo, eneo la Vlaamse Ardennen, kusini mwa Ghent, lina misitu ya Muziekbos na Brakelbos, yenye hayasinti na watu wachache kuliko Hallerbos. Huko, kama ilivyo karibu na Leuven, utapita kwenye njia zilizozama kati ya kuta za udongo laini ulioletwa na upepo wakati wa enzi za barafu, kisha ukachimbwa na magurudumu ya mikokoteni na mvua. Udongo huo ukilowa huteleza sana, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya kukamata, si raba za mjini.

Beba maji na chakula chako, kwa sababu maduka ya vijijini mengi hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mikate asubuhi. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Panga kurudi mapema. Siku ya upepo mkali usiingie msituni, kwani matawi huanguka na baadhi ya misitu hufungwa. Kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli kuna kupe kwenye nyasi, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani kagua mwili wote, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye kinena. Ukimkuta kupe, mtoe kwa kibanio ukimshika karibu kabisa na ngozi bila kumpaka mafuta, andika tarehe, na ukiona duara jekundu likipanuka katika wiki zinazofuata, mwone daktari.