Bili ya Joto Ughaibuni: Gonga Mlango Kabla Deni Halijakua

Mwezi wa saba hapa Tabata, usiku ukishuka hadi nyuzi 19, watoto wanavalishwa masweta na bodaboda wanatoa yale makoti mazito ya mitumba. Ndiyo kipupwe chetu. Sasa pima hili: Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba ya kuishi wakati wa baridi isiwe chini ya nyuzi 18. Usiku wetu wa baridi kabisa ndiyo sebule yao iliyo sawa. Kwa hiyo wewe uliyetoka Mbagala ukajikuta unalala kwenye chumba cha nyuzi 12 kwa kuogopa bili, usijiambie kwamba unajikaza. Unaumwa taratibu.

Nilikaa Uingereza majira sita ya baridi kabla ya kurudi nyumbani. Mawili ya mwanzo nililala na koti na soksi mbili mbili. Mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu kulikuwa na ofisi ya msaada ambayo kila siku niliipita nikienda kazini. Sikuingia, maana kwa akili yangu ya Dar, ofisi ya msaada ni ya wajane na wazee.

Tuanze na mita. Ukikuta nyumba ina mita ya kulipia kabla, hiyo ni LUKU, hakuna cha kufundishwa. Kinachowaponza wengi ni tozo ya kila siku. Ile inahesabiwa hata kama hukuwasha kitu, kama kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU zetu tangu 2021: ukikaa miezi bila kununua, inakusubiri. Basi mtu anazima gesi kiangazi chote akidhani anabana matumizi, Oktoba anaweka pauni 20, na kipande kikubwa kinamezwa na tozo zilizolala. Weka kidogo kidogo hata Julai. Na ule ukomo wa bei unaotangazwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati wa kule, ni ukomo wa bei ya uniti na wa tozo ya kila siku. Bili yenyewe haina dari. Ukiwasha sana utalipa sana.

Msaada wenyewe sasa. Kule fedha hizi hazitoki mkono mmoja. Serikali inatunga mpango, kampuni za nishati zinachangia, halmashauri inajua nyumba zipi zina wazee na watoto, na vikundi vya mtaani ndivyo vinavyokutana na watu. Matokeo yake, mara nyingi mwenye fedha humwoni. Unapelekwa kwake na mtu wa karibu yako. Ifikirie kama barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: bila hiyo, benki hawakusikilizi. Kule barua hiyo inaweza kutoka kituo cha kugawa chakula, kwa mshauri wa Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure), wakati mwingine shuleni kwa mtoto au kwa daktari. Fuel Bank Foundation, kwa mfano, hutoa vocha za dharura kwa wenye mita za kulipia kabla, ila unafika kwao kupitia washirika wao. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta namba ya mfuko. Mtafute wa kukuelekeza.

Marekani ni hivyo hivyo kwa sura nyingine. Mpango wa LIHEAP wa kusaidia bili za nishati kwa wenye kipato kidogo, ulioanza 1981, unatoa fedha za serikali kuu kwa majimbo, nazo zinashuka hadi kwenye mashirika ya mtaani yanayopokea maombi. Piga 211, namba ya simu ya kuelekezwa kwenye msaada, sema unaishi wapi, utaambiwa uende kwa nani. Fedha hizo zina kikomo, kwa hiyo anayeomba vuli na anayeomba Februari hawako foleni moja. Minnesota wana sheria inayokulinda usikatiwe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini ni lazima wewe upige simu mkubaliane namna ya kulipa. Ukinyamaza haikulindi.

Nasisitiza simu kwa sababu sisi tuna tabia ya kuikimbia bahasha. Nami nilizirundika juu ya friji. Nilipokuja kupiga simu kwenye kampuni iliyokuwa inanidai, dada wa upande wa pili aliniuliza kwa upole mwezi ninaweza kutoa kiasi gani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Kampuni za Uingereza zinatakiwa na mdhibiti kukupangia malipo unayoyamudu, na hilo halitegemei uraia wako.

Kuhusu viza, hapa penda kuuliza kabla ya kusaini. Kama kibali chako cha Uingereza kinakataza fedha za umma, punguzo la bili la pauni 150 liitwalo Warm Home Discount kwa kawaida halitakufikia, kwa kuwa limefungwa kwenye mafao ya serikali. Fedha za halmashauri nazo ziulizie kwanza kwa mshauri. Vocha ya shirika la hisani ni jambo jingine, na mpango wa kulipa deni ni makubaliano yako na kampuni. Kuna pia daftari la wateja wa kipaumbele wa kampuni za nishati, wanaohitaji msaada wa ziada, Priority Services Register, ambalo ni bure: wajawazito, wenye watoto chini ya miaka mitano, wazee, wagonjwa, na hata asiyekijua vizuri Kiingereza. Mama mkwe aliyekuja kulea mjukuu anaingia humo.

Jambo dogo linalowanyima wengi: jina kwenye bili. Wabongo wanne wanapanga nyumba moja, bili ina jina la aliyehama mwaka juzi. Punguzo haliji kwa mtu asiye mteja. Badilisheni jina, kisha weka pamoja mkataba wa pango, bili ya karibuni na ushahidi wa kipato.

Na tafadhali, mkaa usiingie ndani. Najua mtu anaweza kuwa na jiko la kuchomea nyama kwenye ua na akapata wazo usiku wa theluji. Nyumba za kule zimezibwa kila tundu. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala.

Kilichobaki kipo huku kwetu. Januari, bili inapofika kileleni kule, ndipo shule zinafunguliwa hapa Dar, na simu za ada zinaanza kuingia. Anza kutuma ada tangu Septemba kidogo kidogo, na uwaambie nyumbani kwa nini. Mimi ilinichukua muda kumweleza mama kwamba ukutani kuna kitu kama rejeta ya gari na kinakula hela. Alicheka sana. Sasa mdogo wangu ndiye yuko kule, na kila Novemba mama akipiga, kabla ya salamu za majirani anamuuliza: "Mwanangu, LUKU ya joto umeshanunua?"