Kuchora machweo ya bandarini kwa mtindo wa Vernet

Wengi wanaoniomba niwaelekeze kuchora bahari huanza na meli. Mimi huwarudisha angani, kwa sababu kwa mchoraji Mfaransa Claude-Joseph Vernet (1714–1789) anga ndiyo kazi yenyewe. Hata katika michoro yake 15 ya bandari za Ufaransa, aliyoagizwa kwa ajili ya Mfalme Louis XV, mawingu yamechukua nafasi kubwa kuliko maji. Tumia rangi za mafuta. Akriliki hukauka kabla hujamaliza kuilainisha anga, basi usinibishie.

Hatua ya 1: Chagua mchoro wa kuiga. Acha ile ya Marseille na Bordeaux, ina watu wengi mno. Tafuta bandari zake za kubuni, jua likiwa linazama.

Hatua ya 2: Paka turubai kahawia hafifu, likauke. Weka upeo wa macho kwenye theluthi ya chini.

Hatua ya 3: Anga. Hapa ndipo watu hukwama siku nzima. Karibu na jua pana njano, juu kabisa pana buluu, na vikikutana tu unapata kijani kama cha ukuta wa zahanati. Dawa yake ni kuweka kitu katikati: nyeupe, oka (njano ya udongo) na nyekundu kidogo, pamoja na chembe ya buluu, mpaka upate kijivu chenye wekundu. Anzia kwenye jua ukienda nje kwa duara, si kwa mistari iliyonyooka, maana mwanga husambaa kutoka kwenye jua. Futa brashi kwa kitambaa kila unapobadili rangi.

Buluu iwe ile iitwayo ya Prusia, iliyokolea sana, ambayo wachoraji wa karne ya 18 walikuwa nayo, lakini chukua kiasi cha punje. Ina nguvu ya kutisha. Tena, usimalize nyeupe yako mapema. Anga yote iwe na giza kidogo zaidi kuliko unavyodhani, la sivyo jua halitakuwa na pa kung'aa. Mwisho pitisha brashi pana, laini, kavu, mara chache tu. Kijani kikijitokeza usikifunike: kwangua kwa kisu, futa kwa tapentaini, anza upya sehemu hiyo. Yote haya yafanyike rangi ikiwa bado mbichi.

Hatua ya 4: Bahari. Rangi zilezile za anga, giza kidogo zaidi, brashi ikienda mlalo.

Hatua ya 5: Merkebu. Subiri anga ikauke kabisa. Za mbali zichanganye na rangi ya anga. Nyeusi tupu sikubali hata kwa ya karibu. Kamba za milingoti zichore bila rula, kwani kamba hulegea.

Hatua ya 6: Wavuvi wachache mbele, kivulini, mmoja avae kofia nyekundu. Vanishi ipake baada ya miezi sita.